Fortunat Birindwa, Aliyekataa Kufungulia Hewa Yenye Maji

Mchungaji, wazee wa kanisa, wakwe zetu wa Gihosha, majirani wa kilimani na majirani wa ziwani, mafundi wa Zone Industrielle mliokuja na nguo zenu za kazi kwa sababu zamu inawangoja, nanyi ndugu zetu mliovuka mpaka wa Gatumba asubuhi ya leo, familia imenituma mimi Sylvère, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, nisimame mbele yenu leo Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, niwasomee maisha ya kaka yangu kama alivyoyaishi, si kama ambavyo wengine wangependa yawe. Jana mchana tuliletewa shada la maua kutoka kiwanda alichokifanyia kazi marehemu, na pamoja na shada hilo ombi la adabu sana, kwamba katika kusoma tuuruke mwaka mmoja, mwaka 2019, ili msiba upite kwa utulivu, nayo familia ikakaa, ikasali, ikajibu kwamba maua tunayapokea, kwa kuwa maua hayakumkosea mtu, lakini mwaka hautarukwa. Mtu huzikwa na miaka yake yote, wala hakuna aliyepewa mamlaka ya kumpunguzia hata mmoja.

Marehemu Fortunat Birindwa alizaliwa tarehe 9 Februari 1963 huko Kiliba, katika uwanda wa Ruzizi upande wa Kongo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Ntaboba, aliyekuwa mchochea moto wa tanuri katika kiwanda cha sukari, na mama Nsimire, aliyelima mihogo na kutuimbia zaburi akiwa ameinama shambani, hata sisi wanawe tukadhani Daudi naye alikuwa mtu wa Kiliba. Alibatizwa kwa maji mengi katika mto Ruzizi, Jumapili tarehe 22 Desemba 1974, na tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakuwahi kukosa ibada ya Jumapili ila kwa ugonjwa au kwa vita.

Masomo ya msingi aliyapata hapo hapo Kiliba, kuanzia Septemba 1969 hadi Juni 1975, kisha akapelekwa Bukavu katika shule ya ufundi iliyoongozwa na mabruda, ambako alisoma umakanika kuanzia 1976 na kupata diploma yake ya A2, yaani ya sekondari ya ufundi, mwezi Julai 1982. Katika mwaka wa 1979 alirudishwa nyumbani kwa majuma mawili kwa kosa la kukataa kunakili kipimo kilichoandikwa ubaoni, akisema kwamba kipimo hicho si sahihi, naye baba yetu alimchapa kwa sababu ya utovu wa heshima, halafu Jumatatu iliyofuata akapanda naye lori hadi Bukavu, akamwomba mwalimu kwa unyenyekevu apime tena mbele yao, na kipimo kikaonekana hakika si sahihi, ndipo baba akamwambia mwalimu kwamba kiboko kimeshalipwa, sasa mtoto arudi darasani.

Alianza kazi Kiliba tarehe 4 Oktoba 1982 akiwa msaidizi wa fundi wa mvuke, akadumu hapo miaka sita, kisha akavuka mpaka na kuingia Bujumbura tarehe 7 Novemba 1988, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na ushei, na tarehe 1 Machi 1999 akaajiriwa katika kiwanda cha unga wa uji wa watoto kiitwacho Neema ya Imbo, huko Zone Industrielle, eneo la viwanda, awe msimamizi wa hewa.

Hapo wasioijua kazi hiyo wavumilie kidogo, kwa kuwa asiyeielewa kazi hatamwelewa mtu. Katika kiwanda kile unga husukumwa ndani ya mabomba, na mifuko hufungwa, kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa na mashine kubwa inayoitwa kompresa, hewa ambayo huhifadhiwa ndani ya tangi la chuma refu kama mlango wa kanisa. Sasa hewa yetu ya Bujumbura, inayopanda kutoka ziwani, imebeba maji yasiyoonekana, nayo ikishindiliwa kisha ikapoa hukamuliwa kama nguo iliyofuliwa, maji yakashuka chini ya tangi, na yale yasiyoshuka yakafuatana na hewa hadi kwenye unga. Unga uliopata unyevu ukafungiwa mfukoni huota kuvu, na kuvu haipigi kelele, humngoja mtoto. Kwa hiyo yapo mambo mawili yasiyosameheka kuachwa, la kwanza kulifungua bomba la chini ya tangi kila asubuhi maji yatoke, na la pili kuipitisha hewa katika mashine ya kuikausha kwa baridi, ambayo wafanyakazi waliiita friji, ili maji yaliyobaki yaanguke humo kabla hewa haijaufikia unga. Lakini friji hiyo ina udhaifu mmoja ambao kila fundi wa mji huu anaujua, kwamba umeme ukikatika na kurudi, kompresa huanza kusukuma hewa palepale, wakati friji yenyewe inahitaji robo saa nzima ndipo ipate baridi, na katika robo saa hiyo hewa yote inayopita hupita na maji yake. Mungu wetu siku ya pili alitenga maji na maji, na siku ya tatu akaamuru nchi kavu ionekane, na marehemu alikuwa akisema kwamba yeye amepewa kibarua kidogo katika kazi ya siku hizo mbili, na kwamba Mwenye kazi atakuja kuikagua.

Wala familia haitawadanganya kwamba aliijua kweli hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa Jumatano tarehe 12 Novemba 2003, katikati ya mvua, umeme uliporudi, alisikia friji ikivuma, akayaamini masikio yake, akafungua vana, yaani kile kizuizi kikubwa cha hewa, baada ya dakika tatu tu. Jumatatu iliyofuata alifungua mfuko mmoja kwa kuonja, akakuta harufu. Hakuna mwingine aliyekuwa amejua, naye angeweza kunyamaza kama Akani alivyonyamaza na kitu chake chini ya hema, lakini alikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi wa wakati huo, akasema kosa ni langu, na mifuko mia mbili na kumi na miwili ikachomwa nyuma ya kiwanda, yeye amesimama hapo na reki mkononi hadi wa mwisho ukawa majivu. Tangu siku hiyo alijiwekea sheria mbili, ya kwanza kwamba umeme ukirudi atangoja robo saa kamili kwa saa ya ukutani, ya pili kwamba hatayauliza tena masikio, bali atachukua kitambaa cheupe cha pamba, alichoshonewa na mke wake, atakiweka kwenye kibomba kidogo hewa inapotoka kwenye friji, atahesabu hadi mia, na kitambaa kisipotoka kikavu hakuna hewa itakayokwenda popote. Kitambaa hicho alikiita ngozi ya Gideoni, kwa kuwa Gideoni naye, katika ardhi iliyolowa umande, aliomba apewe ngozi iliyo kavu kabla ya kuwapeleka watu vitani.

Wafanyakazi walimpa jina la Papa Robo Saa, na walimtania hata machozi yakawatoka, na aliyewazidi wote kwa utani alikuwa Jérémie, msaidizi wake, ambaye siku moja, watu wakiwa wameketi wakingoja friji, alimwuliza, “Papa Robo Saa, siku mama Dévote alishikwa na uchungu, ulimwambia mutoto angoje friji ipate baridi?” naye marehemu, bila kuondoa macho kwenye saa, akajibu kwa Kiswahili cha kwetu Kiliba, kisemacho njo mahali pa ndiye, “Lisette alichelewa juma mbili, njo mutoto pekee mwenye kunisikiliza.”

Huyo mama Dévote ndiye mjane wetu mnayemwona hapa. Marehemu alifunga ndoa takatifu na Dévote Ntirampeba, binti wa Gihosha, Jumamosi tarehe 4 Agosti 1990, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kuombwa na kukataliwa, kwa kuwa mkwe wetu, ambaye sasa naye amelala katika Bwana, hakuona sababu ya kumtoa binti yake kwa mgeni, na mbele ya wajumbe wetu alisema, “Mukongomani, tena fundi wa hewa, binti yangu atakuwa anakula upepo?” ndipo Dévote, aliyekuwa ameleta vinywaji wala hakuulizwa neno, akajibu kwa sauti ya chini, “Papa, upepo yake njo inaleta mukate,” na wazee wakacheka, na jambo likaisha kwa kicheko. Mwaka 1997 mkwe huyo huyo aliwakatia kiwanja kando ya nyumba yake, na ndicho kiwanja tulichokusanyikia leo.

Mungu aliwajalia watoto watatu, ambao ni Lisette, aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1991, Loïc, aliyezaliwa tarehe 18 Agosti 1995, na Annick, aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 1999, pamoja na wajukuu wanne. Alikuwa baba mkali, mchache wa sifa, aliyeamini kwamba mtoto asifiwe siku ya kuolewa na siku ya kuzikwa, na watoto wake wametuomba tuliseme hilo wazi, kwa kuwa wamelia vya kutosha na hawataki kumlilia mtu mwingine ambaye hakuwapo.

Sasa tunaufikia mwaka tulioombwa kuuruka.

Januari 2017 Neema ya Imbo ilipata mkurugenzi mpya, Bwana Astère, na familia haitasema uongo juu yake mbele ya jeneza, hakuwa mtu mwovu, alikuwa mtu wa haraka, na haraka katika nyumba inayolisha watoto ni mlango ambao uovu huutumia bila kubisha. Mvua za 2019 zilipoanza umeme ulikuwa ukikatika mara sita au saba kwa siku, na robo saa za marehemu zikijumlishwa zilikaribia saa mbili, na agizo kubwa la unga kwa ajili ya vituo vya lishe milimani lilikuwa likingoja, kwa hiyo Jumatatu tarehe 8 Aprili likabandikwa tangazo kwamba kuanzia siku hiyo vana itafunguliwa mara umeme unaporudi. Marehemu alilisoma, akalisalimu kama mtu anavyosalimu mpita njia, akaendelea kungoja.

Alhamisi tarehe 11 Aprili 2019, saa nne asubuhi, umeme uliporudi, mkurugenzi alishuka mwenyewe hadi kwenye chumba cha kompresa, na maneno yaliyosemwa humo tunayasoma kama walivyotusimulia waliokuwapo, kwa kuwa ni machache na hayahitaji kupambwa. Mkurugenzi alisema, “Papa Fortunat, fungua vana, kura imerudi,” kura kwa maana ya umeme. Marehemu akajibu, “Kura imerudi, shefu, baridi haiyarudi.” Mkurugenzi akasema kwamba watu makumi manne wanakaa bure, akauliza, “Kiwanda ni ya nani, ni yako?” naye akajibiwa, “Kiwanda ni ya wenyewe, shefu, mi niko na vana tu. Hiyo uji, we utaikula?” Mkurugenzi akasema, “Mi sikulake uji.” Marehemu akasema, “Njo sababu unaharakisha.” Kisha akakitoa kitambaa kwenye kibomba, kikiwa kimelowa, akamnyooshea, na mkurugenzi hakukipokea, ndipo marehemu akaegemeza mgongo kwenye vana, akakunja mikono, akasimama kama wale vijana watatu walivyosimama uwandani Babeli wakati zumari na kinubi vinalia na kila mtu amekwisha kuinama.

Waliitwa walinzi, wakamshika viwiko kwa upole kama wamshikavyo bwana harusi, kwa maana walikuwa wamesalimiwa naye kila asubuhi kwa miaka ishirini, na yeye hakupigana nao, ila alipokuwa akitolewa aligeuka akasema, “Andikeni saa.” Ilikuwa saa nne na dakika saba. Siku hiyo hiyo akafukuzwa kazi, ufunguo akapewa Jérémie, na Jérémie akafungua, na kwa majuma matatu hewa ya ziwa ikaingia katika unga wa watoto bila mtu wa kuizuia.

Mifuko ilianza kurudi kutoka milimani mwishoni mwa Aprili, ikiwa na kuvu, na kama yuko mtoto aliyeugua kwa ajili yake sisi hatujui, wala hatutasema tusilolijua. Tulijualo ni kwamba tarehe 2 Mei 2019 barua ilibandikwa kwenye lango la kiwanda, ikisema kwamba fundi Fortunat Birindwa, kwa uzembe, hakutoa maji ya tangi tangu mwanzo wa Aprili, na kwamba unga umeharibika kwa sababu yake, na chini ya barua ilikuwapo sahihi ya shahidi, nayo ilikuwa ya Jérémie.

Jumatatu tarehe 3 Juni aliitwa ofisini, akapewa karatasi ya kukiri uzembe huo, akaahidiwa kwamba akitia sahihi atarudishwa kazini, na mwanawe Loïc, aliyekuwa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, atapewa nafasi katika maabara ya kiwanda. Aliisoma mara mbili, akaomba kalamu, na wote waliokuwamo wakashusha pumzi, naye akasahihisha tarehe ya kufukuzwa kwake, ambayo walikuwa wameikosea kwa siku moja, akairudisha karatasi bila sahihi. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu, na mfalme aliyemtaka amwachie alimwahidi shamba bora kuliko lile, naye alikataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake, na kaka yangu hakuwa na shamba, urithi wake ulikuwa jina.

Na jina hilo likaburutwa. Katika Zone Industrielle nzima hakuna lango lililomfungukia, alikuwa yule aliyeharibu unga wa watoto. Mimi ninayewasomea haya nilikuwa wa kwanza kumwendea, nikiwa msemaji wa ndugu wote, nikamkalisha katika sebule hii, nikamwambia atie sahihi ili nyumba ipate kuishi, nikamnukuu hata Mhubiri, kwamba asiwe mwenye haki kupita kiasi, naye akanisikiliza hadi mwisho, akamwambia mke wake aniletee maji. Ninaungama neno hilo leo mbele ya kanisa, kwa kuwa yeye hakunidai niliungame alipokuwa hai. Loïc alikosa njia ya kuendelea na chuo, akamwambia baba yake, “Papa, sahihi moja tu, wino ya dakika moja,” na baba yake akamwuliza, “Na kesho nitakukataza uongo na midomo gani?” na kijana akaondoka nyumbani akaenda Kajaga, akakaa zaidi ya mwaka bila kumsalimu. Nalo kanisa letu, Mchungaji unisamehe, lakini hili pia ni la kusomwa, Jumapili tarehe 7 Julai 2019 lilimwomba aweke chini uzee wa kanisa hadi jambo litakapofafanuka, naye akauweka, akahamia benchi la mwisho karibu na mlango, akakaa hapo miaka miwili na miezi mitatu bila kukosa Jumapili, na aliyemwonea huruma alijibiwa kwamba benchi la mwisho ndilo lenye hewa nzuri.

Dévote alirudi kushona nguo za watu, na marehemu alikwenda kutafuta kazi huko huko Kajaga, kwa watengeneza matairi na wapaka rangi za magari, ambao kompresa zao ndogo hazikuwahi kutolewa maji, hata rangi zao zikawa zinatoka malengelenge na wao wakidhani ni rangi mbovu. Aliwatengenezea vikamata maji kwa vipande vya mabomba, akawakaushia hewa kwa koili za mafriji yaliyokufa, na rangi zikatulia. Mwezi Septemba 2020 aliitwa katika gereji moja akamkuta Loïc ndiye mwosha magari wa hapo, na walifanya kazi bega kwa bega siku nne bila kuligusa lililowatenga, hata siku ya tano akamwachia mwanawe afungue bomba la chini ya tangi, yakatoka maji mekundu ya kutu, beseni tatu, na Loïc akauliza, “Papa, hii yote ilikuwa mu hewa?” akajibiwa, “Ilikuwa mu hewa, tuliivuta bila kuiona.” Jioni ile Dévote alipika kwa watu wanne ingawa walitazamiwa watatu tu, yeye, mumewe na Annick, hajui mpaka leo kwa nini, na Loïc akarudi nyumbani pamoja na baba yake, na wote wanne wakala.

Alhamisi tarehe 7 Oktoba 2021, Jérémie alisimama kwenye mlango wa nyumba hii, akakataa kuketi, akasema, “Papa, tangi ilikuwa kavu. Ulikuwa umeitoa maji. Mi njo nilifungua vana, mi njo nilitia sahihi, niliogopea watoto yangu.” Marehemu alimwacha asimame kwa muda mrefu, na Annick aliyekuwapo anasema kwamba alimwogopa baba yake saa ile kuliko siku zote, kisha akamwambia, “Mi nimekusamehe tangu zamani. Lakini uliniua mbele ya bantu, unifufue mbele ya bantu,” akamvutia kiti, akaagiza aletewe ugali. Jumapili tarehe 10 Oktoba 2021 Jérémie alisimama kanisani akayasema yote, na kwa juma moja akapoteza kazi yake, na ni marehemu aliyemchukua Kajaga wakagawana vyombo vya kazi nusu kwa nusu hadi mwisho. Kanisa lilimrudishia uzee wake siku ile ile na kumwomba radhi, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Kiwanda kilinyamaza.

Ugonjwa ulianza Novemba 2024 kwa kukosa hamu ya chakula na kupungua mwili, na tarehe 23 Januari 2025 madaktari walitambua kuwa ni saratani ya ini, iliyokwisha kwenda mbali, naye akauliza swali moja tu, kama ataweza kufikisha Pasaka, akaambiwa labda, akaifikisha.

Ijumaa tarehe 25 Aprili 2025, baada ya miaka sita, Bwana Astère alikuja nyumbani hapa na kikapu cha matunda na karatasi. Annick aliisoma kwa sauti, kwa kuwa macho ya baba yake yalikuwa yamechoka, na ilisema kwamba kiwanda kinasikitika, na kwamba katika mwaka 2019 makosa yalitokea kwa pande zote mbili. Marehemu aliomba arudie mstari huo, akarudia, ndipo akamgeukia mgeni akauliza, “Ya kwangu ni gani?” Bwana Astère akasema, “Ulikuwa na kichwa ngumu, Papa.” Marehemu akasema, “Hiyo nakubali. Andika hiyo, kichwa ngumu, nitatia sahihi saa hii. Utoe ile ya maji.” Mgeni akajibu kwamba walio juu yake hawatakubali. Basi marehemu akamshika mkono, akamwombea kwa jina, yeye na mke wake na watoto wake, sala ndefu kuliko nguvu alizokuwa nazo, alipomaliza akamrudishia karatasi, na Bwana Astère aliondoka akifuta macho, na karatasi imo mfukoni mwake.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 13 Mei 2025, saa tatu asubuhi, kitandani pake, mke wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili na miezi mitatu, wala hakuipata karatasi ya kumsafisha jina, na tusije tukasema kwamba alikufa bila kinyongo kama watu wanavyosema misibani, alikufa bila chuki, na hayo ni mambo mawili tofauti, kwa kuwa Ayubu naye alisujudu huku akiendelea kudai kesi yake isikilizwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumficha ukweli, majirani wa Gihosha mliopika na kuteka maji tangu Jumanne, wanakwaya, wafunga matairi na wapaka rangi wa Kajaga mliofunga kazi leo ingawa Jumamosi ndiyo siku yenu ya wateja, na wafanyakazi wa Neema ya Imbo mliokuja kwa kujificha, msijifiche, mmeonekana, na mmebarikiwa. Na wewe Jérémie, uliyeomba kubeba jeneza upande wa kichwa, familia imekukubalia.

Neno lililobaki ni hili. Wale waliotuomba tuuruke mwaka walitaka usisikike, na ninyi nyote mmeusikia, jua likiwa juu, mbele ya jeneza, mbele ya Mungu aonaye ndani ya chuma. Historia hii imeandikwa nakala tatu, na kila nakala ina sahihi ya Dévote, za Lisette, Loïc na Annick, ya kwangu mimi niliyemshauri vibaya, na ya Jérémie aliyefungua. Moja itakaa kanisani, moja itakaa kwa mjane, na ya tatu itapelekwa kiwandani Jumatatu tarehe 19 Mei, saa mbili asubuhi, na mwenye kuipeleka ni Loïc, aliyeomba mwenyewe, naye atasimama langoni mpaka atoke mtu wa kuandika kwamba imepokelewa.

Fortunat, mwana wa Ntaboba na Nsimire, kaka yangu, mzee wa kanisa, zamu yako umeimaliza bila doa, pumzika kwa amani, sisi tuna safari Jumatatu.